Kufunga leza za jukwaani bila kuhatarisha macho ya watu: mwongozo kamili

Taa ya kawaida ya jukwaani ukiielekeza vibaya, mtu atakunja uso na kugeuka. Leza ukiielekeza vibaya, mtu huyo anaweza kurudi nyumbani na doa katikati ya jicho, doa lisilofutika. Mwanga wa taa hutawanyika kadiri unavyokwenda mbele. Mwale wa leza hubaki mwembamba, huingia wote kupitia mboni, kisha lenzi ya jicho huukusanya kwenye nukta ndogo sana ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ukali wake ukiwa umezidi takribani mara 100,000. Retina haihisi maumivu. Aliyeumia huenda asijue mpaka kesho yake, atakapojaribu kusoma na kuona herufi zinakosekana.

Ndiyo maana, kabla boksi halijafunguliwa, mimi huwauliza vijana ninaofanya nao kazi swali moja: mwale huu unafia wapi? Kila mwale unaotoka kwenye projekta (kifaa kinachorusha leza) lazima uwe na ukuta, dari au pazia la kufia, na njia yake yote ipite mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika. Hatua zote zinazofuata ni namna ya kulijibu swali hilo.

Hatua ya 1: Soma lebo

Leza hupangwa kwa madaraja chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1. Daraja la 2 ni leza ya mwanga unaoonekana isiyozidi miliwati 1. Hapo jicho huhesabiwa kujilinda lenyewe kwa kupepesa, tendo linalochukua robo ya sekunde hivi. Daraja la 3R hufika miliwati 5, la 3B hufika miliwati 500, na chochote kinachozidi hapo ni daraja la 4. Projekta za maonyesho karibu zote ni 3B au 4.

Tazama maana yake. Projekta ya wati 1 ina nguvu mara 1,000 ya ile ambayo kope zinaweza kukuokoa nayo. Madhara yanakuwa yameshatokea kope zikiwa bado njiani. Gizani, mboni hupanuka hadi karibu milimita 7, kwa hiyo mwale wenye unene wa milimita 5 hupita wote bila kugusa kingo. Mtu aliyekunywa pombe hupepesa kwa kuchelewa zaidi, na kumbi za burudani unazijua.

Lebo inapaswa kutaja daraja, nguvu ya juu kabisa na urefu wa mawimbi ya kila rangi. Kifaa cha 3B au 4 kinapaswa kuwa na ufunguo wa kuwashia, taa ndogo inayoonyesha kwamba leza inatoa mwanga, na soketi ya usalama upande wa nyuma ya kuunganishia kitufe cha dharura. Kikikosa hivyo, au kikija bila lebo ya daraja, kirudishe kilikotoka. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba "hii ni ndogo tu, haina shida". Aliyesema hivyo huwa hajaipima.

Usikadirie hatari kwa jinsi rangi inavyong'aa. Jicho huona kijani kwa urahisi kuliko rangi nyingine, hivyo mwale wa bluu wa nanomita 450 wenye wati 1 utaonekana dhaifu ukiulinganisha na wa kijani wa nanomita 520 wenye wati hiyohiyo, lakini kwenye retina vyote vinaunguza. Leza nyingi za kijani za nanomita 532 hutengeneza rangi hiyo kutokana na miale ya infraredi ya nanomita 1064. Kifaa cha bei ya chini kikikosa kichujio kizuri, sehemu ya infraredi hiyo hutoka pamoja na kijani. Huioni, na jicho halipepesi mbele ya kitu lisichokiona.

Hatua ya 2: Tembea ukumbini kukiwa na mwanga

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na mimi huipa muda mrefu kuliko zote. Simama pale projekta itakapokaa, fuata kwa macho kila upande utakaotumia, kisha utembee mpaka mwisho wa kila mwale. Unatafuta vitu viwili: mahali jicho linapoweza kufika, na kitu kinachoweza kuurudisha mwale.

Macho hufika juu kuliko unavyodhani. Kuna roshani, ngazi, chumba cha fundi sauti, jukwaa la kamera, kijana aliyebebwa mabegani na rafiki yake, mtu aliyepanda juu ya kiti. Kanuni inayotumika sana kwenye maonyesho ni kwamba mwale uwe angalau mita 3 juu ya sehemu yoyote ambayo mtazamaji anaweza kusimama, na mita 2.5 kando kutoka mahali anapoweza kufika. Zingatia maneno "anaweza kusimama". Kama kuna meza ambazo watu watazipanda muziki ukikolea, mita 3 zinaanzia juu ya meza.

Vinavyorudisha mwale ni vingi: madirisha, vioo vya ukutani, milango ya alumini, televisheni, mabomba ya chuma yaliyong'arishwa, matoazi ya ngoma za bendi, gitaa lililopakwa vanishi. Ukuta uliopakwa rangi isiyong'aa huutawanya mwanga. Kioo huurudisha mwale karibu ulivyokuja, na kila kitu bapa kinachong'aa hujifanya kioo. Siku moja nilikagua ukumbi mzima nikaridhika, nikawasha kwa nguvu ndogo, nikaona alama ya kijani ikitembea kwenye viti vya mstari wa tatu. Chanzo kilikuwa picha ya ukumbusho ukutani, imewekewa kioo, nami mchana niliitazama kama picha tu. Siku hizi hubeba kitambaa cheusi kisichong'aa na kufunika vitu vya namna hiyo, mradi mwale wenyewe usikae juu ya kitambaa. Leza ya daraja la 4 ikisimama sehemu moja inaweza kuchoma nguo, hasa nyeusi.

Tufe la vioo linastahili neno lake pekee. Fundi wengi hupenda kulipiga leza kwa sababu linajaza ukumbi kwa nukta. Kila kipande cha tufe hilo ni kioo bapa. Hurusha mwale kamili, kwa pande usizozichagua, huku likizunguka. Kwa leza ya 3B au 4 usilipige hata kwa sekunde moja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umbali wa hatari

Watu husema ukumbi ni mrefu, mwale utakuwa umepungua nguvu ukifika nyuma. Hesabu inakataa. Kwa mwale uliosimama na jicho linalopepesa ndani ya robo ya sekunde, kikomo kinachotumika ni wati 25.4 kwa kila mita ya mraba. Chukua nguvu ya leza kwa wati, zidisha kwa 4, gawanya kwa 3.14 mara 25.4, kisha tafuta kipeuo cha pili. Toa unene wa mwale unapotoka, kwa mita. Gawanya kwa mtawanyiko wa mwale, yaani kiasi unavyopanuka kadiri unavyokwenda, kwa radiani.

Leza ya wati 1, unene milimita 5, mtawanyiko miliradiani 1: jibu ni karibu mita 219. Ya wati 5 yenye vipimo hivyohivyo: karibu mita 496. Ukumbi wako wote, pamoja na barabara ya nje, uko ndani ya eneo la hatari. Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine pia: kuongeza nguvu mara tano kumeongeza umbali zaidi ya mara mbili kidogo tu, ilhali ukiongeza mtawanyiko maradufu, umbali unakatika nusu. Kwa hiyo projekta yenye mwale mnene kidogo si lazima iwe mbovu kuliko yenye mwale mwembamba kama uzi.

Hatua ya 4: Ifunge juu, na isitikisike

Tumia klampu inayolingana na bomba la trasi (fremu ya chuma ya kutundikia taa), yenye uwezo unaozidi uzito wa projekta, na waya wa usalama unaopita kwenye tundu lililotengwa kwa kazi hiyo, si kwenye mkono wa kubebea. Kwa taa yoyote waya ule huzuia kifaa kisianguke juu ya mtu. Kwa leza kuna sababu ya ziada: klampu ikilegea kidogo tu, projekta ikainama nyuzi 2, mwale umbali wa mita 30 unashuka zaidi ya mita 1. Kaza boliti za breketi kwa spana, siyo kwa mkono, kisha weka alama ya kalamu kwenye kiungo ili ukipita baadaye uone kama imesogea.

Usifunge leza kwenye trasi inayobeba spika nzito za besi wala kwenye stendi ambayo watu wanaweza kuigusa. Vioo vidogo vya kurushia mwale upande mwingine vina kanuni hiyohiyo, tena kali zaidi, kwa sababu kioo kikigeuka nyuzi 1 mwale unageuka nyuzi 2. Nyuma ya kila kioo weka bamba la chuma jeusi, ili mwale ukikikosa uishie hapo.

Hatua ya 5: Umeme, kebo na kitufe cha dharura

Umeme wa leza uwe na ardhi inayofanya kazi. Ukitumia jenereta, kompyuta inayoendesha onyesho iwe na betri ya akiba, maana kompyuta ikizimika katikati hujui projekta itabaki inafanya nini.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Projekta nyingi za kawaida zinazoendeshwa kwa DMX (mfumo wa kutuma amri kwa taa za jukwaani kupitia kebo), zikikosa mawimbi ya DMX, huhamia zenyewe kwenye hali ya kujiendesha au ya kufuata sauti, zikirusha michoro yoyote kwa ukubwa wowote. Mtu akijikwaa kwenye kebo, leza inaanza kucheza juu ya vichwa vya watu bila amri yako. Jaribu kabla: washa kwa nguvu ndogo, elekeza ukutani, chomoa kebo ya DMX, uone. Isipozimika, tafuta kwenye menyu mpangilio wa kuzima mawimbi yakikatika. Kama haina mpangilio huo, kifaa hicho hakifai mbele ya watu. Tumia kebo halisi ya DMX, siyo ya maikrofoni, na mwisho wa mnyororo weka kizuizi cha omu 120.

Kitufe cha dharura kikae mkononi mwa opereta, mahali anapouona ukumbi wote. Kimeundwa ili kebo yake ikikatika, leza nayo izimike. Usichukulie hivyo kwa imani. Bonyeza, leza izimike. Kiachie, leza isirudi yenyewe mpaka mtu aamue kuiwasha upya. Chomoa kebo yake kabisa, leza izimike tena. Ukikuta fundi ameziba soketi ya usalama kwa plagi ya kudanganyia ili kazi iende haraka, itoe na uulize ni nani. Zaidi ya hapo, kwa baadhi ya vifaa soketi ya dharura na ya DMX hufanana umbo, kwa hiyo funga utepe mwekundu kwenye kebo ya dharura pande zote mbili.

Hatua ya 6: Panga miale kwa nguvu ndogo

Ondoa watu wote ukumbini isipokuwa wanaofanya kazi hiyo. Funga milango, mtu mmoja asimame nje. Shusha nguvu hadi kiwango cha chini kabisa ambacho bado unakiona ukutani. Miwani ya kinga si mbadala wa hilo. Inayozuia rangi zote tatu za leza, nyekundu, kijani na bluu, hukuzuia pia kuona mwale unaoupanga, na miwani isiyolingana na nanomita za leza yako ni pambo. Huitumia wakati wa kufungua projekta kwa matengenezo, kazi ambayo kwa kweli ni ya karakana.

Anza na mstari mmoja wa mlalo, uliosimama, ukiwa ndio wa chini kabisa kwenye onyesho lako. Msaidizi atembee ukumbini akiwa ameinua kadi nyeupe isiyong'aa kwenye kijiti, akiitazama kadi na si projekta. Mwanga ukitokea kwenye kadi chini ya mita 3, mstari unapanda. Rudia kwenye roshani na ngazi. Kisha piga michoro yote ya onyesho, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu ileile ndogo, msaidizi akizunguka tena. Inachosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Programu nyingi za leza zina maeneo ya kukata au kupunguza mwanga. Yatumie, ila usiyategemee peke yake, kwa sababu faili lingine likipakiwa yanaweza kupotea. Kinga ya mwisho iwe chuma: bamba jeusi lililofungwa kwa skrubu mbele ya dirisha la projekta, likikata kila kitu kilicho chini ya mstari uliouchagua. Projekta nzuri huja na bamba la kupandisha na kushusha. Utepe wa kitambaa haufai. Daraja la 4 huuunguza na kuupitia. Bamba likishakaa, hata vioo vya skana (vile vidogo vinavyochezesha mwale ndani ya projekta) vikwame, hata opereta asinzie, mwale hauwezi kushuka.

Kuhusu kupitisha miale juu ya watu wenyewe

Wateja huomba, kwa sababu kusimama ndani ya leza kunasisimua kweli. Inawezekana kufanywa kwa usalama, lakini si kwa kukisia. Mwale unaokimbia hupita jichoni kama mapigo mafupi, na kila pigo linapaswa kupimwa kwa kipima nguvu cha haraka pale mtu wa karibu zaidi atakaposimama, kisha kulinganishwa na kikomo. Projekta lazima iwe na mfumo wa kukata mwale ndani ya milisekunde chache pindi vioo vya skana vinaposimama, maana mwale uliosimama ndio unaopofusha. Mara nyingi huwekwa pia lenzi ya kuutanua mwale unaoelekea kwa watu. Marekani hairuhusu kuendesha onyesho la leza za 3B na 4 bila idhini maalumu ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, na nchi nyingine zina taratibu zao. Kama huna vifaa vya kupimia na hujafunzwa, jibu kwa mteja ni hapana. Miale juu ya vichwa kwenye ukungu mzuri inapendeza vya kutosha.

Moshi

Bila ukungu mwale hauonekani. Mashine ya ukungu mwepesi ni bora kuliko ya moshi mzito unaokuja kwa mafungu. Iwashe mapema, usubiri usambae. Ukungu ukipungua, kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya leza; wewe ongeza ukungu. Zungumza na mwenye ukumbi kuhusu vigunduzi vya moshi kabla ya siku yenyewe, na kama vinazimwa, awepo mtu wa kulinda moto mpaka viwashwe tena.

Kwenye uwanja wa wazi

Anga si mahali pa kufia mwale. Marubani hupofushwa na mng'ao kwa umbali mkubwa kuliko ule tuliouhesabu, kwa hiyo kabla ya kurusha juu wasiliana na mamlaka ya anga ya nchi yako, na weka mtu wa kuangalia ndege mwenye uwezo wa kuzima mara moja. Mimi hupendelea miale ifie kwenye ukuta wa jengo tupu, kilima au miti.

Hali ya hewa nayo hubadilisha mpango. Mnamo Julai 2008, kwenye tamasha la Aquamarine Open Air huko Kirzhach, Urusi, mvua ilifanya mahema yatandazwe na leza zilizokusudiwa kwenda angani zikawafikia watu. Takribani 30 walipata madhara ya retina. Mvua ikija, hema likiongezwa, jukwaa likihamishwa, mpango wako umekufa. Zima, rudia hatua ya 2.

Usiku wa onyesho

Saa moja kabla ya milango kufunguliwa, kagua alama za boliti, bonyeza kitufe cha dharura, pitisha mstari wa chini kabisa mara moja zaidi. Wapigapicha waambiwe kwamba mwale ukiingia kwenye lenzi unaweza kuua kihisio cha kamera. Simu za watazamaji nazo ni hivyohivyo.

Onyesho likianza, opereta anatazama watu, si skrini. Kinachomtia wasiwasi ni kile ambacho hakikuwepo mchana: maputo ya karatasi ya fedha yanayopanda, vipande vya karatasi inayong'aa vikirushwa, bango lililoinuliwa juu ya fimbo, mtu anayeparamia trasi. Kwa lolote kati ya hayo, kitufe kinabonyezwa kwanza na maswali yanafuata. Onyesho lililokatika sekunde 20 watu hulisahau kabla ya wimbo kwisha.

Mtu akilalamika kwamba ameona mwako mkali na sasa ana doa, zima leza. Asisugue jicho. Apelekwe kwa daktari wa macho mapema iwezekanavyo, na aende na karatasi uliyoandika nguvu ya leza, nanomita zake, umbali na saa. Doa lililopungua baada ya dakika chache si sababu ya kuahirisha. Leza hiyo isiwashwe tena usiku huo mpaka ujue mwale ulimfikiaje.

Muziki ukinyamaza, leza huzimwa kwanza kabla ya taa nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo mafundi wanapoanza kupanda ngazi kufungua vifaa, vichwa vyao vikiwa juu ya zile mita 3 ulizozilinda usiku kucha. Zungusha ufunguo, uchomoe, uutie mfukoni kabla ya mtu yeyote kugusa trasi.